Kisukari: Hofu ya Siku ya Kliniki Isikufanye Ukose Vipimo

Si kila anayekosa kliniki ya kisukari amesahau tarehe au amekosa nauli. Wengine wana daftari mkononi na dawa zimebaki za siku mbili tu, lakini hawatoki nyumbani kwa sababu wanaogopa kile watakachoambiwa. Hofu hii inajulikana vyema kwa wahudumu wa afya kote duniani na haimaanishi kwamba mtu ni mwoga au mzembe. Hata hivyo, hapa Turkana, ambako safari ya kwenda hospitalini inaweza kula siku nzima, kliniki moja ikikosekana huvuta nyingine, na mtu anaweza kukaa nusu mwaka bila kupimwa.

Kinachoogopwa hutofautiana. Kuna anayeogopa namba itakayotokea kwenye mashine. Kuna anayeogopa kufokewa mbele ya foleni, au kuambiwa aanze sindano. Kuna asiyetaka kuvua viatu kwa sababu anamkumbuka jirani aliyepelekwa hospitalini na kidonda akarudi bila mguu. Na kuna aibu, kwa sababu bado wapo wanaosema kisukari ni ugonjwa wa matajiri au ni adhabu ya mlafi.

Kuhusu aibu, ni vyema ukweli ujulikane. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2020 katika jarida la Science Advances uliwapima Waturkana watu wazima zaidi ya 1,200, kuanzia wafugaji hadi waliohamia mijini. Afya ya moyo na ya mwili kwa jumla ilikuwa mbaya zaidi kwa waliohamia mijini, na sehemu ya sababu ilikuwa kubadilika kwa chakula, hasa kula zaidi wanga uliokobolewa. Unga mweupe, sukari na mafuta ya kupikia si vyakula vya tajiri. Ndivyo vinavyopatikana kwa urahisi katika duka lolote la Lodwar au Kakuma, na mara nyingi ndivyo mfuko unavyoweza kumudu.

Namba si matokeo ya mtihani

Mtu akiwa na hofu, mwili wake hutoa homoni za adrenalini na kotisoli. Homoni hizi huliamrisha ini kumwaga sukari kwenye damu na huufanya moyo uende mbio. Kwa hiyo mtu ambaye hakulala usiku kucha akiwaza kliniki anaweza kukuta sukari na presha zote ziko juu kuliko kawaida yake. Ndiyo maana presha hupaswa kupimwa baada ya kuketi kwa utulivu angalau dakika 5, miguu ikiwa chini na mkono ukiwa umeegemezwa mezani. Aliyeingia chumbani akihema ana haki ya kuomba apumzike kwanza.

Wengi wanaoogopa namba hujaribu kuitengeneza. Siku tatu kabla ya kliniki wanapunguza chakula, wanameza kila kidonge, wanaacha chai ya sukari. Asubuhi ya kliniki kipimo cha kidole kinasoma vizuri, muuguzi anafurahi, na mgonjwa anarudi nyumbani na dawa zilezile huku sukari ikiendelea kuharibu macho, figo na miguu kimyakimya. Kipimo cha HbA1c, ambacho wengi hukiita kipimo cha miezi mitatu, hakidanganyiki hivyo. Chembe nyekundu ya damu huishi takriban siku 120, na muda wote huo sukari hujishikiza juu yake. Kipimo hiki huonyesha wastani wa wiki nyingi, wala si chakula cha jana. Kwa watu wazima wengi lengo ni chini ya asilimia 7, ingawa daktari anaweza kuweka lengo la juu zaidi kwa mzee au kwa mtu ambaye sukari yake hushuka mara kwa mara.

Kuficha kuna hatari nyingine ambayo haizungumzwi sana. Chukua mfano wa mtu anayeruka kidonge cha jioni kwa sababu kinamchafua tumbo. Akiulizwa, anasema anameza dawa zote. Daktari anaona sukari iko juu, anaamini dawa hazitoshi, anaongeza dozi. Siku mgonjwa huyo atakapoamua kuzimeza zote kama zilivyoandikwa, sukari inaweza kushuka ghafla hadi apoteze fahamu. Na pengine tatizo lenyewe lilikuwa dogo: metformin huwasumbua watu wengi tumboni, na mara nyingi nafuu hupatikana kwa kuimeza pamoja na chakula au kwa kuanza na dozi ndogo. Ukweli wa dakika moja ungemwepusha na hayo yote.

Safari na njaa

Kutoka Kakuma hadi Lodwar ni takriban kilomita 120, na kuna wanaotoka mbali zaidi ya barabara kuu. Wengine huanza safari alfajiri bila kula kwa sababu waliambiwa wapimwe kabla ya kula, kisha wanakaa kwenye foleni hadi jua la mchana. Anayetumia insulini, au vidonge kama glibenclamide vinavyoisukuma kongosho kutoa insulini, anaweza kuzidiwa akiwa njiani.

Kipimo cha sukari cha kabla ya kula huhitaji kufunga kwa takriban saa 8. HbA1c haihitaji kufunga hata kidogo. Kabla ya siku kufika, inafaa kuuliza ni kipimo kipi kitafanywa na kama dawa ya asubuhi imezwe au isubiri. Chakula kifungwe kwenye mkoba kiliwe mara tu damu inapotolewa, na sukari isikosekane mfukoni.

Ugumu uliopo ni kwamba dalili za hofu na za sukari kushuka hufanana: mikono kutetemeka, jasho, moyo kudunda, kichwa kuwa chepesi. Mtu akijiambia ni wasiwasi tu, anaweza kukosea vibaya. Apimwe papo hapo. Mashine ikisoma chini ya 4, au ikiwa hakuna mashine karibu, anywe maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, asubiri dakika 15, na arudie kama hajapata nafuu. Asiyeweza kumeza asilazimishwe kunywa kitu. Akimbizwe kwa wahudumu.

Sindano na miguu

Kuambiwa uanze insulini si hukumu. Kwa miaka mingi kongosho la mtu mwenye kisukari cha aina ya pili huchoka, na insulini hujaza pengo hilo. Ni dawa iliyoanza kutumika kwa binadamu mwaka wa 1922, na kabla yake kisukari cha utotoni kilikuwa kifo.

Wasiwasi mkubwa wa wakazi huwa ni joto: itawekwa wapi bila friji? Jambo hili limechunguzwa na shirika la Médecins Sans Frontières pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva, kwa kutumia viwango vya joto vilivyopimwa katika kambi ya Dagahaley, Dadaab. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2021 yalionyesha kwamba insulini iliyokaa katika joto la kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki 4 ilibaki na nguvu sawa na iliyohifadhiwa kwenye baridi. Bado inafaa kuiweka kivulini, kwa mfano ndani ya chungu cha udongo kilichozungushiwa mchanga uliolowa maji, mbali na jua na mabati. Asiye na friji amweleze muuguzi hivyo, wala asikatae dawa kimyakimya.

Ama miguu, hukaguliwa ili isikatwe. Kisukari huua hisia, kwa hiyo mwiba unaweza kupenya akala na kukaa siku kadhaa bila maumivu. Kidonda kinachoonekana mapema husafishwa na kutibiwa. Kinachofichwa ndani ya soksi hadi kinuke ndicho humfikisha mtu kwenye upasuaji.

Usaidizi ulio karibu

Anayeogopa aanze kwa kusema hivyo anapoketi mbele ya mhudumu, kabla ya kupimwa. Anaweza kwenda na ndugu au rafiki, hasa kama Kiturkana, Kisomali au Kiarabu ndiyo lugha anayoimudu, na akaandikiwa maswali mawili au matatu kwenye daftari, kwa kuwa hofu husahaulisha. Tangu Septemba 2023, wahudumu wa afya ya jamii nchini walipewa vifaa vya kazi vikiwemo vya kupima sukari na presha. Kupimwa nyumbani na mtu unayemfahamu huondoa sehemu ya woga wa chumba cha daktari.

Gharama nayo ni hofu. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, na usajili hufanywa kwa simu kupitia *147#. Ni rahisi zaidi kuumaliza kabla ya siku ya kliniki kuliko kuhangaika nao dirishani.

Hofu ikimnyima mtu usingizi kwa wiki mbili au zaidi, ikimfanya aache dawa, au akiona afadhali kufa, hiyo ni sehemu ya ugonjwa na inatibika. Amweleze muuguzi, au apige simu bila malipo kwa Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, nambari 1199.

Aliyekosa tarehe moja, au hata tano, asisubiri kuitwa. Aende siku ya kliniki inayofuata katika kituo chake, iwe ni Hospitali ya Rufaa ya Lodwar, Hospitali ya Misheni ya Kakuma, Ammusait au zahanati ya karibu, akiwa na daftari lake na dawa zote zilizobaki, hata kama zimebaki nyingi kuliko inavyopaswa.