Kabla ya Kununua Gundi, Soma Bomba Lako

Leo tuongelee kitu kidogo cha dukani kinachoweza kukumalizia maji yote usiku mmoja: gundi ya mabomba.

Kiangazi kilichopita kijana mmoja wa eneo langu alinipigia alfajiri. Tenki lake la lita 5,000 lilikuwa tupu, na nyanya ziko kwenye maua. Nilipofika nikakuta bomba jeusi la poli limechomoka kwenye tii ya PVC. Walilipaka gundi ya PVC, tena nyingi, wakaona limeshika. Na mimi nina lawama hapo: ramani ya mabomba niliikagua, lakini viungio sikuviuliza.

Gundi yenyewe ilikuwa nzima. Shida ni kwamba gundi hii haifanyi kazi kama ile ya karatasi. Inalainisha uso wa plastiki, pande mbili zinayeyukiana, kisha dawa ikishakauka panabaki kama plastiki moja. Sasa plastiki ikigoma kulainika, hakuna kuungana. Kwa hiyo anza kwa kusoma maandishi ubavuni mwa bomba:

- PVC au uPVC: gundi iliyoandikwa PVC.
- CPVC, la maji ya moto: gundi iliyoandikwa CPVC. Usibahatishe na ya PVC ya kawaida.
- PE au HDPE, lile jeusi la roli: gundi hii haishiki. Tumia viungio vya kukaza vyenye nati na mpira ndani, au liunganishwe kwa mashine ya joto.
- PPR: mashine ya joto tu, hakuna gundi.

Kutoka PVC kwenda poli, tumia kiungio chenye meno ya kukazia, uzungushie ile tepu nyeupe ya mafundi bomba. Kwenye meno usipake gundi.

Pili, angalia uzito wa gundi. Bomba la nusu inchi au inchi moja linatosheka na gundi nyepesi. Bomba kuu la inchi 3 au 4 linataka nzito zaidi, maana nafasi ya kujaza ni kubwa. Kopo huandikwa linafaa bomba la ukubwa gani. Gundi ikishaganda kama uji wa baridi, tupa. Usije ukaongeza thina wala petroli.

Wakati wa kuunga, kata bomba linyooke, futa vumbi na maji, paka pande zote mbili bila kurundika. Sukuma hadi mwisho huku ukizungusha robo, kisha shikilia nusu dakika. Fanyia kwenye hewa ya kutosha na usisogeze moto wala sigara, gundi hii inawaka. Halafu subiri saa 24 kabla ya kufungulia maji ya presha. Kopo likitaka muda zaidi, fuata kopo.

Yule kijana tulimbadilishia kiungio siku ileile. Nyanya zilipona, ila matuta mawili yalidondosha maua, na hiyo ni pesa.

Ukienda dukani, beba kipande cha bomba lako mkononi. Muuzaji akisema "hii inashika bomba lolote", rudisha kopo, soma tena ubavu wa bomba.