Vitabu Wazi, Kichwa Kisifungwe

Ndugu kijana, mwalimu wa elektroniki ametangaza: siku ya mutihani wa mwisho mutaleta silabusi, kaye na vitabu vyote munavyotaka. Oditwari yote ikapiga makofi. Wewe pia ulirudi nyumbani na furaha, ukamwambia mama: "Huu uko rahisi, kila kitu kitakuwa mbele ya macho." Tangu siku ile silabusi iko chini ya kitanda.

Ngoja kidogo. Jiulize: juu gani mwalimu amekubali vitabu viingie? Ni kwa sababu hatauliza mambo yaliyoandikwa mule. Atakupa programu yenye kosa, aseme: tafuta. Atakupa mistari minne, aseme: itachukua muda gani? Kitabu hakitajibu pa fasi yako.

Saa inakimbia

Tupige hesabu. Mutihani ni wa saa mbili, ni kusema dakika 120. Ukifungua kitabu mara kumi, na kila mara unatafuta dakika tatu, umepoteza dakika 30. Robo ya mutihani imekwenda, na hujaandika kitu. Wengi wanaoanguka katika mutihani wa namna hii hawakukosa akili. Walikosa dakika.

Tengeneza karatasi moja

Tuchukue mufano wa PIC16F84 ya kampuni Microchip, mikrokontrola ndogo iliyotumika sana kufundishia. Iko na maagizo 35 tu. Yaandike yote kwa mukono wako juu ya karatasi moja: agizo linafanya nini, linachukua mizunguko mingapi, linagusa alama gani ya STATUS (Z, C ao DC). Chini yake andika anwani za rejista: PORTA 05, PORTB 06, TRISA 85, TRISB 86. Usipige fotokopi ya karatasi ya mwenzako. Mukono unaoandika njo unaokumbuka.

Kisha bandika vipande vya karatasi pembeni ya silabusi: hapa muda, hapa meza ya RETLW, hapa interapsheni. Kidole kiende moja kwa moja.

Mufano wa kujipima

Funika jibu, kisha hesabu wewe mwenyewe. Saa ya mikrokontrola ni 4 MHz.

MOVLW D'200'
MOVWF HESABU
RUDIA DECFSZ HESABU,F
GOTO RUDIA

Muzunguko moja wa agizo unakula mapigo manne ya saa. Kwa hiyo kwa 4 MHz muzunguko moja ni mikrosekonde 1. Mistari miwili ya kwanza: mizunguko 2. DECFSZ inachukua 1 na GOTO 2, jumla 3, mara 199: ni 597. Mara ya mwisho DECFSZ inaruka, inachukua 2, na GOTO haifanyiki. Jumla: 2 na 597 na 2, ni 601. Ulisema 600? Ulifikiri mara zote 200 ziko sawa, tena ulisahau mistari ya kwanza. Kosa kama lile kitabu hakitakuonyesha. Ni mazoezi tu.

Mitego mitatu

Wa kwanza ni SUBLW. Wengi wanafikiri SUBLW 5 inatoa 5 ndani ya W. Hapana! Inatoa W ndani ya 5. Kama W iko na 8, hupati 3. Unapata 253, na C inakuwa 0.

Wa pili ni benki. Unataka kuandika katika TRISB, lakini umesahau kuweka RP0 kuwa 1. Maandishi yako yanaingia katika PORTB. Programu inapita bila kulalamika, lakini taa haiwaki.

Wa tatu ni CALL. Mikrokontrola hii inakumbuka njia nane tu za kurudia. Ukiita CALL ya tisa ndani ya zile nane, ya kwanza inafutika, na programu inapotea sawa mutu asiyejua nyumba yake.

Jaribu mbele ya siku

Juma moja mbele, kaa mezani na vitabu vyako vyote, weka saa, chukua maswali ya mwaka uliopita. Usisimame mpaka saa mbili ziishe. Kisha hesabu: umefungua kitabu mara ngapi? Kila kitu ulichotafuta zaidi ya mara moja, kiandike juu ya ile karatasi moja. Siku ya mutihani soma maswali yote kwanza, anza na lile unalolijua, na uache dakika kumi za kusahihisha.

Jambo lingine: vitabu wazi si midomo wazi. Karatasi inayopita chini ya meza ni wizi ileile ya siku zote, na inaweza kufukuzisha wawili pamoja.

Kwa baba na mama

Wazazi, minervali ile mumelipa kwa jasho: wengine kwa kazi ya chini ya udongo, wengine kwa kuuza unga sokoni. Mutoto akianguka, sesio ya pili inakula likizo yake na feza zenu. Basi juma lile mumusaidie. Kama umeme unakatika kila magaribi, mumwachie saa za muchana asome, maji yachotwe na mwingine. Na akisema "vitabu viko wazi, sina haja ya kusoma," mumwulize swali moja tu: "Ile karatasi yako iko wapi?"

Na wewe kijana, uitoe leo silabusi chini ya kitanda. Karatasi moja, biki moja, na maagizo 35. Anza na la kwanza.