Boneti Kwanza, Rangi ya Nje Baadaye

Msee akipata pickup ya kitambo, doh ya kwanza inaenda kwa marimu. Ikibaki inaenda kwa ngoma, halafu anasaka fundi apige body luku. Chini ya boneti anawacha vile alipata: grisi ya miaka mob, waya zimeshikwa na selotepu, betri inatapikia bati asidi. Manze, hapo ndio mbogi yetu inakosea form. Kama uko na Datsun 1200 na ganji haitoshi kufanya kila kitu, anzia pale injini inalala. Kutu ya mlango unaiona kila asubuhi. Kutu ya huko ndani inakula pole pole hadi ile bati imeshika masta ya breki, na siku utaijua uko kwa mteremko na mzigo nyuma.

Nabonga Datsun 1200 juu ndio ilitulea kwetu. Ilikuwa ya guka. Ilibeba kahawa hadi fakitori, ikabeba maziwa, maharusi na majeneza ya kijiji kizima, ikanipeleka fomu wani na sanduku langu la bati likiruka ruka huko nyuma. Baadaye ikapaki tu, nyasi ikaota kwa kerio. Tuliivuta hadi Umoja, Nairobi, na sai inaishi kwa parking ya ploti, karibu na kamba za nguo. Hakuna gereji hapo. Kuna kivuli cha saa za asubuhi, waya ya stima kutoka kwa keja, na keyateka mpoa. Hiyo inatosha, na nataka usikie hivyo kutoka kwa msee ameifanya.

Kwanza elewa hii moti ni nani. Ilitoka Japani 1971, na huko wanaiita Sunny Truck. Injini ni A12, cc 1171, bloki ya chuma na kichwa cha alumini. Afrika Kusini waliendelea kuunda ndugu yake, Nissan 1400, hadi 2008. Ukipata yako ina beji ya Nissan usishtuke, kampuni ilitangaza 1981 kwamba inatoa jina la Datsun. Na kama unashangaa mbona wazee wetu waliamini hilo jina hivyo, cheki Safari Rally. Edgar Herrmann alishinda 1970 na Datsun 1600 SSS, akarudi 1971 na 240Z. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akachukua 1973, halafu 1979 hadi 1982 bila kupumzika, zote 5 akiwa kwa magari ya kampuni hiyo hiyo. Mkulima alikuwa anasimama kando ya barabara anaona hizo ndai zikipita kwa matope, halafu akienda kununua pickup anajua anaitisha nini.

Utamu mwingine ni nafasi. Fungua boneti ya gari ya siku hizi uone kama mkono utaingia. Kwa Datsun, ukisimama hapo unaona hadi chini. Redieta, kabureta, distributa, alteneta, kila kitu kimekaa mahali pake, na spana namba 10, 12 na 14 zinafungua karibu kila nati. Ndio maana hii ndio shule poa kwa msee hajawahi shika spana.

Kabla ya kufungua kitu, piga mapicha. Piga kutoka juu, kutoka kando, piga kila joini ya waya na kila paipu. Kisha chukua tepu ya karatasi na kalamu, andika kila waya inaenda wapi kabla uitoe. Nati ziingie kwa mikebe tofauti, mkebe wa alteneta, mkebe wa redieta, hivyo hivyo. Betri inatoka ya kwanza, na hapo ni negativu kwanza. Siku ya kurudisha, negativu inaingia ya mwisho. Ukianza na positivu halafu spana iguse body, utaona cheche za kukunyoosha akili.

Kusafisha ni wira ya mikono. Funika kabureta, distributa na alteneta na karatasi za plastiki, funga na raba. Injini iwe baridi kabisa, juu kichwa cha alumini hakipendani na maji baridi kikiwa moto. Paka parafini na brashi, wacha iloweshe grisi, kwangua na kijiti, halafu sabuni ya unga na maji ya uvuguvugu. Pampu ya wasee wa kuosha magari iweke mbali, inasukuma maji ndani ya plagi na waya na utakaa wiki ukitafuta ndai inakohoa wapi. Chini weka karai na vumbi la mbao linyonye ile takataka. Usiimwage kwa mtaro, watoto wa ploti wanachezea hapo.

Grisi ikitoka ndio ukweli unaanza. Utaona oili inatoka wapi: gasketi ya kifuniko cha vali, pampu ya petroli, ama nyuma karibu na giaboksi. Hii ndio sababu kubwa mimi napenda injini safi, kuliko hata ile kung'aa. Ikiwa chafu, kila kitu kinakaa kuvuja. Ikiwa safi, tone moja linajiripoti.

Sasa njoo kwa trei ya betri, juu hapo ndio Datsun nyingi zinaoza. Asidi ikimwagika inatoa rangi, bati inabaki uchi, mvua inamaliza. Mimina magadi soda ya kuoka kwa maji ya moto, mwaga hapo. Ikitoa povu, asidi bado iko. Rudia hadi povu liishe. Ukipiga msasa juu ya asidi, rangi yako mpya itavimba na utalaumu duka la rangi bure. Cheki pia chini ya masta ya breki. Fluidi ya breki ni adui ya rangi, ikivuja inaitoa hadi bati. Kama hapo pameambuka, tengeneza masta kwanza. Kupaka rangi chini ya masta inavuja ni kuchoma doh.

Chukua bisibisi, gonga bati ukisikiliza. Kutu ya juu juu inatoka na brashi ya waya na msasa namba 80. Ile imechimba vishimo inataka dawa ya kubadilisha kutu, ile ya asidi ya fosforiki, inageuza kutu kuwa nyeusi na ngumu. Lakini bisibisi ikipita hadi upande wa pili, hapo ni kukata na kuchomelea bati mpya. Kuna mafundi watakushow wajaze faiba na filla, wapake, isionekane. Wakatalie. Filla haishiki trei ya betri na haishiki masta ya breki. Peleka kwa msee wa kuchomelea ako na mashine ya MIG, bati ya Datsun ni nyembamba na gesi inaipinda. Siku hiyo betri na waya za alteneta zikae nje, stima ya kuchomelea inaua daiodi za ndani, na paipu ya petroli isiwe karibu.

Na kitu kimoja sitaki mtu acheze nacho: ile bati ndogo iko na namba ya chasi, na namba imepigwa kwa bloki ya injini. Usiguse na grainda, usifunike na filla. Zifunike na tepu ukipaka rangi. NTSA, wale wa kusajili magari, wanaangalia hizo namba na logbuku, na ndai haina namba inasomeka ni ngori ya miaka. Ukibadilisha rangi ya gari ama injini, hiyo pia inaandikishwa kwao. Mimi niliamua ibaki ile krimu ilitoka nayo dukani. Nilipata rangi halisi chini ya klipu ya waya, mahali jua halijawahi fika, nikapeleka hicho kipande kwa wasee wa kuchanganya rangi.

Rangi yenyewe, wacha niongee wazi. Praima ya kawaida iko na vitundu vidogo vya kunyonya unyevu. Ukiiacha hivyo kwa bati uchi, kutu inarudi huku unaangalia. Weka praima ya epoksi, hiyo inafunga. Baada ya hapo msasa wa maji namba 400 hadi 600, halafu rangi. Makopo ya kupuliza ya supamaketi yanakaa poa kwa picha, lakini petroli ikimwagika inaosha. Rangi ya hadna ndio inavumilia petroli na fluidi ya breki. Ila hadna iko na isosayaneti, na hiyo kitu inaharibu mapafu. Kitambaa kwa mdomo si kinga. Tafuta maski ya kuletewa hewa safi na paipu, na kama uko ploti kama yangu, usipulize watoto wakiwa hapo na nguo za watu zikiwa kwa kamba. Pelekea fundi ako na chumba chake, ama tumia enamel na brashi poa ya nywele laini. Ndani ya boneti brashi si aibu. Ukipaka koti nyembamba mob badala ya moja nzito, inatulia.

Chagua pia msimu wa kupaka. Hapa Nairobi, Juni na Julai ni baridi na rangi inachelewa kukauka. Aprili unyevu ni mwingi. Mimi napenda Januari na Februari, asubuhi, kabla upepo uamke, sakafu imemwagiwa maji vumbi lilale.

Rangi ikikauka, watu wengi wanarudisha vitu mbio na ndai inakataa kuwaka. Mara nyingi ni waya ya earth. Rangi haipitishi stima. Pale earth inagusa body na injini, kwangua hadi bati ing'ae, funga kabisa, halafu paka grisi kidogo juu. Waya zote zile zimekauka na kupasuka, badilisha. Zile joini za kusokota na selotepu, kata, chomea risasi ama bana na klipu, vika mpira wa kushrinki na moto. Na fyuzi iwe fyuzi. Karatasi ya fegi si fyuzi, na hiyo tabia imechoma magari ya watu.

Halafu maji. Kwa hii mji kuna tabia ya kutoa thamostati na kukimbiza injini na maji ya mfereji. Nimesikia mafundi wakiisifu. Mimi naikataa kabisa. Kichwa ni alumini, bloki ni chuma, na maji matupu yakikaa kati yao yanakula alumini kutoka ndani. Bila thamostati injini haipati joto lake, inakunywa petroli na inachakaa haraka. Rudisha thamostati, osha redieta, weka kulanti iliyochanganywa na maji safi. Mipira ya redieta ukiibinya ikatoa mlio wa kupasuka, nunua mpya. Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaita Grogan, bado unapata gasketi na plagi za A12 ukiuliza duka kadhaa bila haraka. Beba ile ya zamani mkononi, muuzaji alinganishe.

Nati na mabano madogo usipake rangi. Loweka kwa siki usiku kucha, piga brashi, osha na magadi, paka oili. Vali zipange na geji ya 0.35 mm injini ikiwa moto, na waya za plagi zifuate 1-3-4-2. Kabureta ioshe na uiwekee repair kit mpya, basi.

Kuna wazee na mabeshte wanapeleka magari yao Africa Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, shindano la tangu 1970, na majaji huko wanafungua boneti. Wanajua gari inasema ukweli hapo. Si lazima ufike huko. Lakini enda uangalie siku moja, usimame karibu na injini ya gari imekupita umri, uone vile msee ametunza hadi klipu ya mpira. Mimi nilirudi nyumbani nikiwa na njaa ya kazi.

Na sasa naongea na wewe mwenye boma shags. Wasee wa skrepa wanazunguka vijijini na malori, wananunua ndai kwa kilo, na Datsun ikishakatwa hairudi. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari ya kutumika imepita miaka 8, kwa hivyo zile ziko ndizo ziko. Kama kuna moja imelala kwenu, piga simu leo. Uliza logbuku iko wapi, omba mtu akusomee namba ya chasi, na uwaambie wazee wasiiuze kabla ufike.