Slasha ikivuja petroli, sabuni si dawa

MVUA ya masika ikianza Nairobi, kati ya Machi na Mei, nyasi hazingoji mtu. Kuanzia Buruburu hadi Donholm na Komarock, kijana mwenye slasha ya injini hapumziki: korti hii leo, uwanja wa kanisa kesho. Lakini mashine ikianza kudondosha petroli, kazi inasimama na mteja anampigia mwingine simu.

Wengi hukimbilia dawa ya mtaa: sabuni ya kipande inasuguliwa kwenye ufa, hustle iendelee. Sabuni inaweza kuziba kwa muda, ila injini hutetemeka na ekzosi huwa moto kama kikaango, tena iko karibu na tangi.

Watu wa Eastlands wanaijua hatari hiyo. Mnamo Septemba 12, 2011, petroli iliyovuja kutoka kwa bomba katika mtaa wa Sinai, eneo la Viwandani, ilishika moto na kuua takriban watu 100.

Habari njema ni kwamba ugonjwa wa slasha mara nyingi ni mdogo.

Toa mashine nje, mbali na jiko na sigara. Ikishapoa kabisa, chomoa waya wa plagi na umwage petroli kwenye jerikeni yenye kifuniko. Pangusa kila mahali, rudisha mafuta kidogo, bonyeza kile kipira cha kuvutia mafuta mara kadhaa, halafu tazama tone la kwanza linatokea wapi.

Likitokea pale mipira inapoingia kwenye tangi, basi mipira imekauka na kupasuka. Likitoka kwenye kipira, nunua kingine. Likitoka kwenye kabureta ilhali injini imezimwa, huenda uchafu umezuia sindano kufunga. Kama hujawahi kufungua kabureta, hiyo mwachie fundi.

Mipira unaweza kubadilisha mwenyewe. Piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa: mmoja hupeleka mafuta kwenye kabureta, mwingine huyarudisha kwenye tangi. Ukiichanganya, kipira hakitavuta kitu. Beba kipande cha zamani hadi kwenye maduka ya vipuri, Kirinyaga Road, upewe saizi ile ile. Sisitiza mpira wa petroli. Ule wa maji hukakamaa upesi. Kata ncha mshazari ndipo ipenye tundu bila kuchanika.

Ukimaliza, weka mafuta na uiache mashine juu ya kadibodi kavu kwa dakika 15. Ukiona doa, usiwashe.

Na jioni, usilale na slasha yenye petroli kwenye nyumba ya chumba kimoja. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni kimyakimya hadi ulipo moto, na jiko letu wengi huwa hapo hapo karibu na kitanda.