Madoa ya Miguuni na Kipande cha Ngozi

Mtoto huamka na madoa mekundu yaliyoinuka kidogo, miguuni na matakoni. Magoti yanauma, tumbo linasokota. Ukiyabonyeza kwa gilasi hayafifii. Baadhi yetu hukimbilia kusema ni kijicho, au humshuku yaya kuwa amempiga, na hiyo ni dhulma.

Huenda ni uvimbe wa mishipa midogo ya damu. Dalili zikiwa na utata, daktari hutia ganzi akakata kipande kidogo cha ngozi kwenye doa changa, lisilozidi siku mbili, kwani likichakaa mwili huufuta ushahidi. Kipande cha uchunguzi huu hakitiwi fomalini. Maabara hukipaka kingamwili zilizofungwa rangi ing'aayo. Kuta za mishipa zikiwaka chini ya darubini kwa kingamwili aina ya IgA, maradhi yamejulikana.

Watoto wengi hupona, alhamdulillahi. Tunalohofia ni figo, ambazo huweza kudhurika kimyakimya hata ngozi ikishatakata. Basi mkojo na upimwe mara kwa mara kwa miezi sita, ijapokuwa mtoto amerudi kucheza.