Mfarishi wa Msafiri

Vijana wa Singida waendao kupanda Mlima Hanang, katika mkoa jirani wa Manyara, hukutana na baridi kali usiku, kwani mlima huo wapita mita 3,400. Achukuaye mfarishi wa manyoya ya bata na ajue kwamba kihifadhicho joto ni hewa ikaayo kati ya manyoya. Yakilowa au yakivunjika, joto hutoweka. Basi asiukaze kwa kamba, bali ausokomeze taratibu kwa mkono, ukiwa mkavu, katika mfuko usiopenya maji. Afikapo kambini autoe mapema na kuukung'uta, upate kufura. Arudipo nyumbani auanike, kisha auweke pasipo kubanwa. Na ikiwa ameuazima, akumbuke kuwa ni amana. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Surat An-Nisaa kuzirudisha amana kwa wenyewe.