Walihukumiwa kwa Kukosa, au kwa Kushindwa?

Msikilizaji mmoja wa Tanga ameniandikia barua fupi yenye swali refu. Babu yake, anasema, alikuwa askari wa Keya aliyepelekwa Bama mwaka 1944, na mpaka anaingia kaburini hakutaka kusikia jina la Mjapani likitajwa nyumbani kwake. Lakini yeye mjukuu amesoma mahali kwamba wakubwa wa Japani walionyongwa baada ya vita walinyongwa kwa sababu walishindwa tu, na kwamba lau wangeshinda wao, wangenyongwa Wamarekani. Anauliza: je, watu hawa walihukumiwa kwa kukosa au kwa kushindwa?

Ningeweza kumjibu kwa maneno mawili, kwamba ni yote mawili, kisha tukapiga muziki. Lakini hilo ni jibu la mvivu.

Tuanze na mahakama yenyewe. Vita vilikwisha Agosti 1945. Tarehe 3 Mei, 1946, Mahakama ya Kijeshi ya Kimataifa ya Mashariki ya Mbali ilifunguliwa mjini Tokyo, katika jengo lililokuwa la wizara ya jeshi la Japani. Majaji walikuwa 11, kila mmoja kutoka nchi iliyopigana na Japani au iliyovamiwa nayo, chini ya uenyekiti wa Sir William Webb wa Australia. Washtakiwa walikuwa 28: mawaziri wakuu wa zamani, majenerali, maadmirali na mabalozi. Siku ile ile ya kwanza mmoja wao, Okawa Shumei, alimpiga kofi la kichwa jirani yake wa mbele, ambaye hakuwa mwingine ila Tojo Hideki, waziri mkuu wa wakati wa vita. Okawa akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili na hakurudi tena kizimbani. Wawili walikufa kesi ikiendelea. Waliobaki 25 wote walitiwa hatiani mwezi Novemba 1948, na saba kati yao, akiwamo Tojo, walinyongwa usiku wa kuamkia Desemba 23 katika gereza la Sugamo.

Mashtaka yalikuwa ya aina tatu. Ya kwanza, na ndiyo iliyowaweka pale kizimbani, iliitwa makosa dhidi ya amani, yaani kupanga na kuanzisha vita vya uchokozi. Ya pili ni makosa ya vita tuliyoyazoea, kama kuua mateka na raia, ambayo sheria zake zilikuwapo tangu zamani. Ya tatu ni makosa dhidi ya ubinadamu.

Ugomvi uko kwenye ile ya kwanza. Japani ilikuwa imetia sahihi mkataba wa Paris wa mwaka 1928 wa kuachana na vita kama njia ya siasa. Lakini mkataba ule haukusema popote kwamba waziri akiuvunja atapelekwa mahakamani, seuze kunyongwa. Ni sawa na halmashauri ya mji kusimika leo kibao cha kukataza kuegesha gari, kisha ikakuandikia faini ya juzi. Mawakili wa utetezi walilisema hilo kwa nguvu, na baadhi yao walikuwa Wamarekani. Mmoja, Meja Ben Bruce Blakeney, alisimama Mei 1946 akaitaja Hiroshima mbele ya majaji wale. Hebu fikiria: ofisa wa jeshi lililoshinda, akiwatetea walioshindwa, anauliza ni vipi mauaji ya Pearl Harbor yawe jinai na mauaji ya Hiroshima yasiwe.

Hapo ndipo lilipoota mizizi neno hili la haki ya mshindi. Na halikuwa neno tupu. Usiku mmoja tu, wa Machi 9 kuamkia 10, 1945, ndege za Marekani ziliuchoma moto mji wa Tokyo wakafa watu wapatao 100,000, wengi wao raia. Hiroshima na Nagasaki zikafuata mwezi Agosti. Mwanzoni mwa vita, serikali ya Marekani yenyewe ilikuwa ikilaani upigaji wa mabomu katika miji. Wahenga walikwisha kusema, mkuki kwa nguruwe.

Sasa nimlete kwenu mtu ambaye kila anayezungumza habari hii humtaja, na ambaye wengi wanaomtaja hawakumsoma. Ni jaji wa India, Radhabinod Pal. Katika hukumu yake ya peke yake, yenye kurasa zaidi ya 1,200, alitaka washtakiwa wote waachiwe huru. Alisema sheria waliyoshtakiwa nayo haikuwapo walipotenda. Aliuliza ni kwa haki gani Uingereza, Ufaransa na Uholanzi, zilizojipatia makoloni kwa mtutu wa bunduki, zikae kuhukumu uchokozi. Na aliandika kwamba kama kuna jambo katika vita vya Pasifiki linalokaribia amri za wakubwa wa Nazi, basi ni uamuzi wa kutumia bomu la atomiki. Hukumu yake haikusomwa mahakamani.

Mtu wa Afrika akiyasikia hayo, moyo unamwelekea Pal, na mimi nakiri wangu ulielekea. Tarehe 19 Desemba, 1948, siku nne tu kabla ya Tojo kupanda kitanzini, majeshi ya Uholanzi, nchi yenye jaji katika mahakama ile, yaliushambulia mji wa Yogyakarta ili kuirudisha Indonesia mikononi. Ufaransa nayo ilikuwa ikipigana Vietnam kwa sababu hiyo hiyo.

Lakini subiri. Tangu mwaka 2005 Pal ana mnara wa kumbukumbu Tokyo, kwenye hekalu la Yasukuni, mahali ambapo majina ya viongozi 14 walioshtakiwa au kuhukumiwa na mahakama ile yaliingizwa mwaka 1978 pamoja na ya askari waliokufa vitani. Wanaomwenzi huko humtaja kama aliyethibitisha kwamba Japani haikufanya kosa. Pal hakusema hivyo. Alikubali kwamba ushahidi wa unyama wa askari wa Japani dhidi ya raia na mateka ulikuwa mzito, Nanjing ikiwamo. Alichokataa ni kwamba wale watu waliokuwa kizimbani walithibitishwa kuuamuru. Kusema huyu hana hatia ya mauaji si kusema hapakuwa na maiti. Kila siku mahakama zetu zinamwachia mtu kwa kukosa ushahidi, na marehemu harudi.

Na maiti zilikuwapo. Katika Nanjing, iliyokuwa mji mkuu wa China, majeshi ya Japani yaliingia Desemba 1937 na kwa wiki kadhaa yakaua mateka na raia na kunajisi wanawake. Mahakama ya Tokyo ilikadiria waliouawa kuwa zaidi ya 200,000. Wachina wanataja 300,000. Wapo wanahistoria wa Japani wanaotaja idadi ndogo zaidi. Lakini hata serikali ya Japani hukiri kwamba raia waliuawa. Kwenye reli ya kutoka Siam hadi Bama walikufa mateka wa kizungu zaidi ya 12,000, na vibarua wa Kiasia, Watamil, Wajava, Wabama na Wamalaya, makumi ya maelfu ambao hakuna aliyewahesabu sawasawa. Mahakama ilionyesha kwamba kati ya mateka Waingereza na Wamarekani walioshikwa na Japani, 27 katika kila 100 walikufa. Walioshikwa na Wajerumani na Waitaliani walikufa 4 katika kila 100.

Na hapa ndipo penye jibu la ndugu yangu wa Tanga. Kati ya wale saba, hakuna hata mmoja aliyenyongwa kwa kosa la kuanzisha vita peke yake. Wote saba walitiwa hatiani kwa mauaji ya mateka na raia vile vile, ama kwa kuyaamuru ama kwa kutoyazuia. Jenerali Matsui Iwane, aliyekuwa kamanda wa Nanjing, alipatikana na hatia ya kutozuia tu, na kwa hilo akanyongwa. Unaweza kubishana kama Hirota Koki, raia pekee kati ya saba hao na waziri wa mambo ya nje wakati wa Nanjing, alistahili kitanzi kwa kutoinua sauti barazani. Mimi naona hakustahili. Ila kanuni yenyewe, kwamba mkubwa hujibu kwa alichokijua akakinyamazia, iliendelea kuishi, na ilikuwa katika sheria ya mahakama ya Rwanda iliyokaa Arusha kuanzia miaka ya 1990 hadi 2015. Mahakama hiyo nayo ililaumiwa kwa jambo hilo hilo, maana walioshtakiwa walikuwa wa upande ulioshindwa. Lakini hakuna mwenye akili timamu anayesema kwa hiyo watu hawakuuawa Rwanda mwaka 1994.

Basi ubaya wa haki ya mshindi uko wapi? Kwa maoni yangu, usitazame sana waliokuwa kizimbani. Tazama ambao hawakuwapo.

Mfalme Hirohito, ambaye vita vilitangazwa kwa jina lake, hakushtakiwa wala kuitwa shahidi. Jenerali MacArthur alimhitaji ili nchi itulie, na akatawala mpaka alipofariki Januari 1989. Kishi Nobusuke, aliyekuwa waziri katika baraza la Tojo, aliwekwa Sugamo zaidi ya miaka mitatu bila kufunguliwa kesi. Aliachiwa Desemba 24, 1948, siku moja baada ya wenziwe kunyongwa, na mwaka 1957 akawa waziri mkuu. Vita baridi vilikuwa vimeanza, na Marekani ilitaka rafiki.

Kisha kuna Ishii Shiro. Huyu alikuwa daktari, mkuu wa kikosi kilichoitwa 731, karibu na mji wa Harbin kaskazini mashariki ya China. Huko watu hai, wengi wao Wachina, waliambukizwa tauni na kipindupindu, wakagandishwa viungo kwa baridi, wakapasuliwa ili madaktari waone ugonjwa umefika wapi. Marekani iliyajua hayo. Ikakubaliana na Ishii na wenzake: tupeni matokeo ya majaribio yenu, nasi hatutawashtaki. Warusi waliwashtaki 12 waliowakamata wao, mjini Khabarovsk, Desemba 1949, na nchi za magharibi zikasema hiyo ni propaganda tu. Ishii alifariki mwaka 1959, mtu huru.

Ukimya ule ulizaa ukimya. Kwa kuwa mahakama ya Tokyo haikulisikiliza jambo hilo, ikawa rahisi kusema halikutokea. Mwanahistoria wa Kijapani, Ienaga Saburo, ilimbidi kuishtaki serikali yake kwa miaka zaidi ya 30 kuhusu vitabu vya shule, na ni mwaka 1997 tu mahakama kuu kabisa ya nchi hiyo ilipoamua kwamba wizara ilivunja sheria kumwamuru aondoe habari za kikosi cha 731. Mambo ya wanawake waliopewa jina la kinafiki la wanawake wa kuliwaza, waliotumikishwa katika madanguro ya jeshi, Wakorea kwa Wachina kwa Wafilipino, yalingoja mpaka Agosti 1991, Kim Hak-sun wa Korea alipojitokeza hadharani kueleza yaliyompata. Korea ilikuwa koloni la Japani tangu 1910, na haikuwa na jaji Tokyo.

Sisi pia hatukuwa na jaji. Mapema Februari 1944 msafara wa meli uling'oa nanga Kilindini kuelekea Colombo. Katika meli ya Khedive Ismail walikuwamo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi wanawake. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Japani iliipiga na ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Nyambizi ikajificha chini ya walionusurika, waliokuwa wakielea wakingoja kuokolewa. Manowari za Kiingereza zikaangusha mabomu ya kulipukia majini pale pale, juu ya watu wao. Nyambizi ilizamishwa. Waliokufa siku ile ni takriban 1,300. Sisemi kapteni yule alipaswa kushtakiwa. Angeiacha nyambizi ile, ingezamisha meli nyingine. Nasema tu kwamba babu wa ndugu yetu alipigana vita ambamo mambo ya namna hiyo yaliamuliwa na wakubwa wa pande zote, na ni upande mmoja tu ulioulizwa.

Mbali na kesi ya wakubwa, kulikuwa na kesi za askari wa chini katika miji mingi ya Asia, washtakiwa wapatao 5,700, na zaidi ya 900 waliuawa. Kati ya waliotiwa hatiani, 148 walikuwa Wakorea, wengi wao vijana walioajiriwa na Wajapani kulinda makambi ya mateka. Ishirini na watatu waliuawa. Walihukumiwa kama Wajapani. Mwaka 1952, mkataba wa amani ulipoanza kutumika, Japani ikawavua uraia, lakini wale waliokuwa bado gerezani Sugamo iliendelea kuwafunga. Walipotoka, wakaambiwa malipo ya waliotumikia jeshi ni ya raia tu. Wa mwisho wao alifariki mwaka 2021, akiwa na umri wa miaka 96, akiidai bado serikali ya Tokyo.